Ugoro Masikioni mwa Karani

Mambo yangu yaliharibika siku ya Jumamosi, tarehe 4 Julai 1953. Tarehe naikumbuka kwa sababu ya jumbe. Ijumaa alipita na filimbi yake akatangaza kwamba kesho kila mwanamume aje na jembe barabarani, na asiyekuja atakwenda kujieleza bomani. Nikaenda. Nikachimba mfereji mpaka adhuhuri kwa ajili ya magari ambayo hata siku moja hayajasimama kunibeba. Niliporudi vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na majani ya viazi vyangu yote yalikuwa yameungua kwa baridi ya alfajiri. Nikasimama uani nikaita kama ninavyoita siku zote:

"Karani! Wee Karani!"

Kimya. Jikoni baridi, ghalani kimya. Panya mmoja akavuka uwanja mchana kweupe, taratibu, kama mtu aliyekwisha kulipa kodi.

Karani ni paka. Jike, wa kijivu, miguu yote minne myeupe mpaka magotini. Mke wangu Esteria ndiye aliyempa jina. Alisema, "Mtazame, Nahumu, amevaa soksi kama karani wa bomani." Na kweli, akikaa mbele ya ghala la mahindi alikaa vilevile, hacheki na mtu, anamngoja panya ajilete mwenyewe na makosa yake.

Esteria alifariki mwezi wa tatu wa mwaka 1952, katikati ya mvua, kwa kifua. Nilihitaji wanaume wanne tu wa kubeba machela mpaka hospitali. Jumbe akaniambia wanaume wote wako darajani, ni amri kutoka juu, nisubiri. Nikasubiri. Alipowaachia saa kumi, machela ilikuwa imebadili safari. Daraja lenyewe mvua ya mwaka uliofuata ililichukua lote, hata gogo moja halikubaki. Nayaandika haya ili anayesoma ajue mapema: ukinyanyua kila jambo lililonipata, chini yake utamkuta mkubwa fulani ameketi.

Watoto hatukujaliwa. Matanga yalipokwisha watu walirudi makwao, tukabaki mimi na Karani. Usiku alilala kitandani, si upande wangu, upande wa Esteria, juu ya kaniki yake ya zamani ambayo sikuiondoa. Nikawa nazungumza naye. Atakayecheka na acheke. Mtu akiwa hana wa kumwambia kwamba ugali umeungua, atamwambia hata mlango.

Basi Jumamosi ile nikamtafuta kwenye miti ya miwati, nikamtafuta shambani, mwishowe nikasikia mtu anacheka upande wa pili wa mianzi. Mianzi hiyo ndiyo mpaka wangu na jirani yangu Odilo. Odilo ni Mkatoliki wa Uwemba. Aliletwa kwetu, ng'ambo ya kijiji cha Yakobi, mwaka 1949, kusimamia josho la ng'ombe. Watu wa serikali wakampa koti la kaki na kitabu cha kuandikia ng'ombe wangapi wameogeshwa. Mtu mcheshi, mpenda ugoro, kila neno lake watu wanacheka. Hata Esteria alicheka. Nilimwona siku moja pale josho ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika, Odilo anamsimulia jambo. Miaka kumi na minne ya ndoa, na mimi sikuwahi kumfanya azibe mdomo.

Nikapita kwenye mianzi. Mlango wa jiko lao ulikuwa wazi, moto unawaka, Avelina mke wa Odilo anakoroga maziwa. Kando ya mafiga lilikuwa limetandikwa koti la kaki, na juu ya koti paka wawili wamejikunja wakawa paka mmoja, shavu kwa shavu, sikio kwa sikio. Mmoja alikuwa paka wao mzee, wanamwita Bibi. Wa pili alikuwa na soksi nyeupe.

"Shemeji, karibu moto," Avelina akasema. "Mgeni wetu yuko hapa tangu juzi."

"Mgeni wenu ni paka wangu."

"Tunajua, shemeji. Baridi ikizidi anakuja. Na Bibi naye anampenda."

Karani akafungua jicho moja. Akaniona. Akalifumba.

Jicho lile! Ningeweza kusamehe miguu iliyompeleka pale, miguu hukosea njia. Lakini aliniona, akanijua, akafumba.

Nikamkamata shingoni. Akaniparua mkono mpaka damu. Nikampeleka nyumbani nikamfunga kamba ya katani kwenye mguu wa kitanda. Siku hiyo nikawasha moto mkubwa kuliko wao, nikachoma kuni za wiki nzima, moshi ukafunika nyumba hata mpita njia akauliza kama ninaunguliwa. Nikamwekea dagaa kwenye sahani ya Esteria. Akala, akalamba sahani, kisha akaketi akiuangalia mlango.

Siku ya tatu nikaanza kuona jambo. Anatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji. Anajikuna nyuma ya masikio kwa mguu wa nyuma, anajikuna mpaka manyoya yanang'oka, kidonda kinatoka. Nikamshika, nikakunja sikio nikachungulia ndani.

Ndani kulikuwa na ugoro.

Naandika nilichokiona. Ungaunga mweusi wenye wekundu wa kahawia, mkavu, umejaa mpaka chini. Ugoro mtupu. Na katika mtaa wetu anayenusa ugoro ni mmoja.

Akili yangu ikasimama hapo. Kwetu watu husema, ukitaka mbwa wa mwenzio akufuate, temea mate tonge lako umpe ale. Mimi ni Mlutheri niliyebatizwa, mambo ya mvuto siyaamini. Lakini nikajiuliza, kama mbwa hushikwa kwa tumbo, paka atashikwa kwa wapi kama si kwa masikio? Ndiyo maana nikiita hasikii. Ameziba sauti yangu, ameacha ya kwake.

Nikaenda kwenye mianzi.

"Odilo! Umemwekea nini paka wangu masikioni?"

Odilo alikuwa anapasua kuni. Akaweka shoka chini. "Kamwene, Nahumu. Kwanza watu husalimiana."

"Kamwene. Umemwekea nini?"

"Mimi?"

"Ugoro wako. Nimeuona."

Akatoa kopo lake mfukoni, akalitikisa karibu na sikio lake. "Ndugu yangu, humu hamnitoshi mwenyewe mpaka Jumapili. Nianze kugawia paka? Kesho ng'ombe nao watadai."

Avelina akacheka huko jikoni. Mimi sikucheka.

"Hao ni wadudu," Odilo akasema, sasa bila mzaha. "Jamii ya utitiri, kama ule wa kuku, ila huu hukaa masikioni. Ule weusi ni uchafu wao na nta ya sikio. Bibi wetu naye anajikuna, nimemwona juzi."

"Kumbe unakubali wametoka kwako!"

"Nakubali wametoka kwa paka. Paka hulala na paka, wadudu wakahama. Hawaruki, wanatembea tu, kichwa kikigusa kichwa."

"Wangu hana sababu ya kulala kwako."

Odilo akanitazama kidogo. "Hiyo muulize yeye," akasema. "Lakini mlete. Kwa wiki tatu, na mafuta kidogo..."

"Wiki tatu!" Nikapiga mwanzi kwa kiganja. "Wiki tatu akae kwako, akirudi hata jina langu halijui! Shika ng'ombe wako, Odilo. Paka mwachie mwenyewe."

Nikaamua kwenda kwa mkubwa wake. Huko Makambako kulikuwa na mnada wa ng'ombe, na kila mnada bwana mifugo Mzungu alikuja na meza yake. Nikamtia Karani kwenye kikapu, nikafunga juu kwa gunia, nikapanda lori la maharage kutoka Njombe. Mama mmoja aliyekaa juu ya magunia akasikia kitu kinalia.

"Baba, umebeba kuku wa namna gani huyo?"

"Karani."

"Karani wa nani?"

"Wangu."

"Ee! Basi dunia imegeuka. Siku zote wao ndio hutubeba sisi kwenye vikapu."

Lori zima likacheka. Hata hiyo nikaihesabu kuwa kosa la Odilo.

Makambako upepo ulikuwa unabeba vumbi na mavi ya ng'ombe pamoja. Nikapanga mstari nyuma ya watu wenye madume, mimi na kikapu changu. Zamu yangu ilipofika nikafungua gunia, Karani akatoa kichwa, akakitikisa. Yule Mzungu akaangalia, akacheka, akasema maneno mawili ya Kiingereza. Mkalimani wake, kijana mmoja aitwaye Kefa, mwenye soksi nyeupe kama za paka wangu, akanigeukia.

"Bwana anasema serikali hutibu ng'ombe, mbuzi na kondoo. Paka hayumo kitabuni."

"Na mimi je, nimo?"

"Wewe umo kwenye kitabu cha kodi, mzee."

"Basi niambieni cha kufanya. Ana wadudu masikioni. Ni paka wa marehemu mke wangu."

Sikutaka kulisema hilo la marehemu. Lilitoka. Kefa hakulitafsiri. Alikuwa amekwisha kumtazama mtu wa nyuma yangu mwenye fahali.

"Mnyama mwenye wadudu hupelekwa josho," akasema. "Sheria huijui? Kila Alhamisi."

"Hata paka?"

"Mnyama ni mnyama. Haya, pisha, ng'ombe wanangoja."

Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa neno la Bwana au mzaha wa Kefa. Lakini lilisemwa mezani, mbele ya watu, na mtu aliyevaa soksi za serikali. Mimi nilisoma darasa la pili. Mtu wa darasa la pili akipewa neno mezani hulichukua kama lilivyo.

Alhamisi nikaenda josho. Ng'ombe waliruka mmoja mmoja, wanaogelea, wanatoka upande wa pili wakichuruzika. Odilo alikuwa kichwani mwa foleni na kitabu chake. Kwetu ilikuwa desturi, ng'ombe wakiisha, watu huleta mbwa wao na kuwanawisha maji yale yaliyochuruzika sakafuni, na kupe hufa wote. Huwafunga mbwa midomo kwa kamba mpaka wakauke juani. Mimi sikufuga mbwa. Nilidhani kamba ile ni ya kuwazuia wasing'ate watu.

Kulikuwa na kibao chenye picha ya fuvu la mtu. Nakijua. Kila mtu alijua kwamba maji ya josho hayanywewi. Lakini mimi nilikuwa sinyweshi. Nilikuwa napaka.

Nikachota kibuyu nikaondoka. Nyumbani nikamlowesha Karani mwili mzima, na mengine nikamtia masikioni. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa paka. Nikamwachia. Akakimbilia uvunguni, akaanza kujilamba. Nikafurahi. Nikasema, mwone anavyojisafisha, hata dawa ameipenda.

Jua lilikuwa bado juu pale mate yalipoanza kumtoka. Mate mengi, kama uzi. Akatapika dagaa, akatapika povu, akatapika hewa. Miguu ya nyuma ikalegea. Akasimama, akaanguka, akasimama.

Nitasema ukweli wangu, kwa kuwa wengine hawasemi wao. Sikukimbia. Nilijua ni mlango gani wenye msaada, na sikwenda. Nilikaa kwenye kigoda kwa muda ambao mwanamke angemenya viazi vya sufuria nzima. Nikafikiri hivi: akifia hapa, amekufa wangu. Akipona kule, amepona wao.

Karani akaanza kujikokota. Nilidhani anakwenda mlangoni, nikasema, haya, hata kufa unataka kufia kwao. Hakwenda mlangoni. Alijikokota mpaka kitandani, akajaribu kupanda, akashindwa, akaweka kichwa chake kwenye pindo la kaniki ya Esteria lililokuwa linaning'inia upande ule. Akatulia hapo, tumbo linapanda na kushuka.

Nikamchukua pamoja na kaniki nikavunja mianzi.

Odilo alikuwa ndiyo kwanza anavua koti. Hakuuliza sana. Alinusa mkono wangu tu, akajua harufu ya kazi yake.

"Ulimfunga mdomo?"

"Kwa nini nimfunge? Haumi."

"Avelina! Maji ya moto, siyo ya kuchemka! Sabuni ile ya kipande!" Akanigeukia. "Nahumu, ng'ombe hawezi kujilamba mwili wote. Paka kazi yake ni hiyo tangu asubuhi mpaka jioni. Ukimpaka paka, umemlisha. Lolote lile. Hata mafuta ya taa, hata kiberiti upele, hata dawa ya kiroboto ya mbwa. Umemlisha."

"Makambako waliniambia."

"Nani?"

"Wakubwa wako."

Walimwosha mara tatu, maji yakimwagwa shimoni mbali na kuku. Avelina akapasua mayai mawili, akachukua ute mweupe akauchanganya na maziwa, akamdondoshea Karani pembeni ya mdomo kwa kitambaa, tone moja moja, na kila akitapika alianza tena. Mimi nilishika miguu. Ile miguu ya soksi. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenilaumu, jambo lililonichoma zaidi. Mtu akikulaumu unapata pa kumshika.

Jua lilipokuwa linazama nyuma ya miwati, Karani aliinua kichwa. Akamtazama Odilo, akamtazama Avelina, akanitazama mimi. Akalala tena, juu ya koti la kaki.

"Ataishi," Odilo akasema.

Nikasema asante. Neno lilikuwa gumu kama mfupa wa samaki.

Siku tatu baadaye, paka akiwa anakula, Odilo akaniita uani. Alikuwa amechukua kifuniko cheusi cha kopo la dawa ya viatu. Akafuta sikio la Karani kwa kitambaa kilichoviringwa kidoleni, asiingize kijiti hata kidogo, akakung'uta ule ugoro juu ya kifuniko, akakiweka juani.

"Tazama. Usipumue."

Nikatazama. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Halafu vumbi likaanza kutembea. Vidoadoa vyeupe, vidogo kuliko ncha ya sindano, vinatembea juu ya weusi polepole, kila kimoja na safari yake.

"Huo ndio ugoro wangu," Odilo akasema. "Utanusa?"

Safari hii karibu nicheke. Nikajizuia.

Akanieleza. Mafuta ya karanga, yapashwe moto mpaka yawe kama joto la mkono, matone machache kila sikio, usugue chini ya sikio mpaka usikie yanalia, kisha mwache atikise kichwa, ufute kinachotoka. Mafuta huwanyima wadudu pumzi. Na paka akiyalamba hayamdhuru. Fanya hivyo kila siku kwa siku kumi. Halafu pumzika kidogo, halafu rudia, kwa sababu mayai hayafi kwa mafuta. Yanaanguliwa, na wewe unadhani umeshinda.

"Na Bibi naye," akasema. "Siku ileile, saa ileile. Ukitibu wa nyumba moja ukaacha wa pili, umefagia chumba cha mtu ukamwachia takataka mlangoni. Kwa hiyo itakubidi uje kila siku, Nahumu. Utanivumilia."

Nikaja kila siku. Saa nne, umande ukikauka. Odilo anashika, Avelina anadondosha, mimi nafuta. Nilikaa katika jiko lile nikiona jinsi moto wao unavyotunzwa, jinsi kuni zinavyopangwa, jinsi Avelina anavyomwita mumewe jina la utani na mumewe anavyoitika. Niliona kila kitu. Wivu una macho mengi kuliko nanasi. Nilihesabu mara ngapi Karani ameegemea mguu wangu na mara ngapi mguu wa Odilo. Odilo alikuwa anashinda.

Siku ya nne Avelina akasema, "Na pale anapolala pachemshwe, shemeji. Koti nimekwisha kulichemsha. Imebaki ile kaniki."

"Kaniki haichemshwi."

"Ina wadudu."

"Ina harufu ya Esteria."

Sufuria ilikuwa inatokota pale kati yetu. Nikafikiri: maji ya josho yalitaka kumuua paka, sasa maji haya yatanimalizia mke. Nikaiweka puani. Nitasema ukweli tena: ilikuwa inanuka paka. Ilikuwa inanuka paka tu, labda kwa miezi mingi, na mimi nilikuwa sijui. Nikaitumbukiza mwenyewe.

Nadhani Odilo alitaka kunifariji. Alisema, huku akimkuna Bibi kidevu, "Wadudu hawa hawana ubaya wa mtu. Mara nyingi paka huwapata utotoni, kwa mama yake, wakati wa kunyonya. Huenda Karani alitoka nao humu humu, kwa Bibi, wakanyamaza, baridi ya mwaka huu ikawakutanisha tena wakazidi."

"Kwa Bibi kivipi?"

"Si ndiye mama yake?"

"Karani aliokotwa," nikasema. "Esteria alimwokota njiani, akitoka Uwemba kuuza mbegu. Alinieleza mwenyewe."

Odilo akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sufuria.

"Alimchagua hapa, shemeji," Avelina akasema taratibu. "Kwenye kikapu kile pale. Walikuwa wanne. Alikuja siku tano anawaangalia tu, ndipo akamchukua mwenye soksi."

"Siku tano?"

"Alikuwa anakuja. Wewe ukienda barazani kwa jumbe kwenye mashauri yako, yeye alikuwa anakuja."

"Kufanya nini?"

"Kuota moto."

"Kwangu kulikuwa na moto!"

Nilisema kwa sauti kubwa, hata paka wote wawili wakaacha kula. Ningetamani Avelina aniambie neno baya. Ningetamani aniambie kwamba mumewe na mke wangu walikuwa na jambo, nikachukua jembe, tukamalizana, hata wakanifunga. Lakini nilikuwa nimekaa katika jiko lile siku nne, na nilikuwa nimeona. Avelina alikuwepo siku zote. Hakukuwa na jambo. Kulikuwa na mafiga matatu, na maziwa, na mtu mwenye mizaha, na Esteria ameketi pale nilipoketi mimi, juu ya kigoda hiki hiki, ameziba mdomo. Na akirudi nyumbani alinificha hilo kama mtu aliyekula nyama ya wizi.

Nikawahesabu wote waliohusika. Jumbe aliyeniita barazani kila wiki. Boma lililompeleka Odilo kwetu badala ya kijiji kingine. Aliyechora mpaka wangu ukapita pale. Niliwalaumu, na bado nawalaumu, hasa jumbe. Lakini nilipomaliza kuwapanga wote, swali lilikuwa bado liko pale pale, halijapungua hata chembe.

Tukamaliza siku kumi. Tukapumzika, tukarudia. Siku ya ishirini na moja Odilo akakunja sikio la Karani: ndani safi, waridi, kama kidole cha mtoto. Bibi naye safi. Kifuniko cheusi kikawekwa juani, tukapumua juu yake tukaona ni kifuniko tu.

Nikamchukua Karani mpaka kwenye mianzi niliyoivunja siku ile. Nikamweka chini katikati, kamba sikumfunga. Nikasema, haya, chagua. Odilo alikuwa upande wake, mimi upande wangu. Karani akaketi pale pale mpakani, akanyoosha mguu mmoja wa soksi, akaanza kuulamba.

"Odilo," nikasema. "Esteria alikuwa anakuja kwenu kutafuta nini?"

Akatoa kopo, akabana ugoro kidogo, akanusa kushoto, akanusa kulia. Akapiga chafya. Akafuta macho kwa kiganja, akaokota shoka lake.

Sasa ni miaka sita. Karani bado yuko, mzee, anaamkia kwangu na kushinda kwao, au anaamkia kwao na kushinda kwangu, sihesabu tena kila siku. Jumbe amekufa. Kefa nasikia amekuwa mkubwa. Kila baridi ikianza nachungulia masikio ya paka, nawasha moto mkubwa, kuni kavu, nimezipanga kama Avelina anavyozipanga, naketi upande mmoja naacha kigoda cha pili kitupu. Unawaka vizuri. Hata mgeni akija husema unawaka vizuri.

Esteria, moto wangu ulikuwa na kasoro gani?